Tshopo: Mji wa Kisangani unaanzia Bengamisa, si Makiso

KISANGANI – Kila mara wakubwa wa nchi wanapofika Kisangani, wakaaji wanasikia ahadi zilezile: mji utafanywa wa kisasa, njia za komine ya Makiso zitatiwa lami, soko litajengwa upya, taa zitawaka usiku. Baadhi ya ahadi hizo zimetimizwa. Mwezi wa Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi alizindua kiwanja cha ndege cha Bangboka baada ya kufanywa upya. Lakini mama anayepikia familia yake huko Mangobo au Kabondo hapimi maendeleo ya mji kwa kiwanja cha ndege. Anayapima kwa bei ya fungu la sombe, bei ya gunia la makala, na muda anaotumia kwenda sokoni na kurudi.

Bei hizo hazipangwi Makiso peke yake. Kwa sehemu kubwa zinapangwa njiani, kabla chakula hakijafika mjini. Moja ya njia hizo ni barabara ya Buta, inayopita Bengamisa, umbali wa kilomita kama 50 kaskazini ya Kisangani. Anayetaka kujua kwa nini maisha ya katikati ya mji ni magumu, hata pale lami ilipofika, aifuate barabara hiyo kuanzia Bengamisa hadi meza ya muuzaji.

Mji uliozaliwa na biashara

Kisangani haikuanza kama mji wa viwanda wala wa ofisi. Ilianza kama mahali pa kubadilishana mali. Maporomoko ya Boyoma, ambako Wagenia wanavua samaki, yanazuia meli kupanda zaidi. Kwa hiyo kila mzigo unaotoka Kinshasa kwa mto, safari ya kilomita zaidi ya 1,700, ni lazima ushushwe hapa. Stanley aliweka kituo chake hapa mwaka 1883. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliwekwa kuwa liwali wa eneo hili kwa niaba ya Mfalme Léopold II. Lugha ya Kiswahili ilifika hapa pamoja na misafara ya biashara ya watu kama yeye.

Baadaye Wabelgiji walichora mji kwa faida yao. Katikati, palipo leo komine ya Makiso, paliwekwa nyumba za Wazungu, maduka, benki, posta na kanisa kubwa kando ya mto. Wakongomani walikaa kwenye cité, mbali kidogo, na walikuja katikati kufanya kazi kisha kurudi. Mchoro huo haujafutika. Leo mji una komine sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Mkaaji wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, bado anavuka kwa pirogi au kwa boti ili afike katikati, kwa sababu hakuna daraja juu ya mto Kongo hapa.

Kwa hiyo katikati ya Kisangani ni mahali ambapo watu wa pande zote huja mchana kutafuta pesa na chakula. Sehemu kubwa ya chakula hicho hailimwi mjini. Inatoka Isangi, Yangambi na Opala kwa mto. Inatoka upande wa Ubundu, kwenye barabara na reli ya kilomita 125 inayoanzia Lubunga. Inatoka pia barabara ya Buta: mihogo, ndizi, mpunga, mafuta ya mawese, makala, mbao. Bengamisa, katika sekta ya Bamanga, wilaya ya Banalia, ni mojawapo ya milango hiyo, na ni mlango ulio karibu.

Umuhimu wa milango hii ya karibu umeongezeka. Bidhaa nyingi za dukani zilikuwa zikifika Kisangani kutoka Butembo na Beni kwa barabara ya taifa nambari 4. Mashambulizi ya ADF katika maeneo ya Komanda na Mambasa yameifanya safari hiyo kuwa ya hatari. Tangu M23 iteke Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, biashara ya mashariki yote imevurugika. Mji usioweza kutegemea mizigo ya mbali unabaki kutegemea mashamba yake ya jirani.

Kilomita 50, ofisi tatu

Tumfuate mkulima mwenye gunia la mihogo. Shamba lake haliko kando ya barabara kubwa, bali ndani, kilomita kadhaa msituni. Njia inayotoka shambani hadi barabara kubwa ni njia ya mazao, na kazi yake iko chini ya ofisi ya njia za mashamba. Akifika Bengamisa, anaingia kwenye barabara ya taifa, iliyo chini ya Office des Routes. Akivuka mto Tshopo na kuingia mjini, njia anayoikanyaga iko chini ya OVD, ofisi ya njia na mifereji ya miji.

Gunia ni moja, lakini ofisi ni tatu. Kila moja ina bajeti yake, wakubwa wake Kinshasa na kazi zake za dharura. Hakuna hata moja inayoulizwa swali ambalo mkulima na mnunuzi wanajiuliza: gunia limetumia muda gani na pesa ngapi tangu shambani hadi sokoni? OVD ikitia lami njia moja ya Makiso, ripoti itasema kazi imefanyika vizuri. Huenda ni kweli. Lakini kama daraja la miti limevunjika kwenye njia ya mazao nyuma ya Bengamisa, bei ya mihogo kwenye njia hiyo mpya ya lami haitashuka.

Barabara hii imewahi kupata bahati. Mradi wa Pro-Routes, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa pesa za Benki ya Dunia na Uingereza, ulifungua tena barabara kubwa kadhaa za nchi, pamoja na ile ya Kisangani hadi Buta na kuendelea kuelekea Bondo. Wenye kinga na pikipiki walirudi barabarani, magari yakafuata. Lakini iliyofunguliwa ilikuwa barabara ya udongo. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Udongo wa namna hiyo unahitaji watu wa kuzibua mifereji na kufukia mashimo kila wiki. Ukiachwa msimu mmoja, maji yanachimba. Ukiachwa misimu mitatu, gari linazama.

Sheria inajua jambo hilo. Mwaka 2008 huohuo nchi iliunda FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, unaopata pesa kutoka kodi ya mafuta ya gari na malipo ya barabarani. Kila mmotari wa Kisangani anayenunua lita ya mafuta kwenye pompi anachangia mfuko huo. Ana haki ya kuuliza: katika pesa hizo, ngapi zimerudi barabara ya Buta mwaka huu, na zimefanya kazi kwenye kilomita zipi?

Vizuizi vya mvua, vizuizi vya pesa

Kwenye barabara ya udongo kuna vizuizi vya namna mbili. Kuna kizuizi cha mvua, ambacho kina maana yake. Mvua ikinyesha, magari mazito yanasimamishwa kwa saa kadhaa mpaka udongo ukauke, ili yasichimbe barabara. Na kuna kizuizi cha pesa, ambapo watu wenye nguo za kazi, au wasio nazo, wanadai malipo kwa kila kinga, kila pikipiki, kila gunia.

Kizuizi cha kwanza kinalinda mali ya wote. Cha pili kinafanya chakula kiwe ghali bila kumpa mtu yeyote huduma. Shida inaanza vizuizi hivi viwili vinapochanganyika. Kizuizi cha mvua kikifunguliwa kwa mwenye gari anayelipa, barabara inaharibika na pesa haifiki kwenye mfuko wa serikali. Mkulima anapoteza mara mbili: leo kwa sababu ya foleni, kesho kwa sababu ya shimo.

Watu wengi mjini wanafikiri malipo ya barabarani ni tatizo la wenye magari. Sivyo. Mwenye gari anayaingiza kwenye nauli, mfanyabiashara anaingiza nauli kwenye bei, na mama wa Mangobo ndiye anayelipa mwishoni. Anayelipwa kidogo ni yule aliyelima, kwa sababu mnunuzi anayekuja Bengamisa anahesabu gharama zote za njiani kabla hajamtajia bei. Ndiyo maana bei inaweza kuwa ya chini sana shambani na ya juu sana sokoni kwa siku ileile, na wote wawili, mkulima na mlaji, wakalalamika kwa haki.

Dawa ya kwanza haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Ni karatasi moja iliyotiwa sahihi na liwali wa jimbo, ikitaja vizuizi vinavyokubaliwa kati ya Kisangani na Banalia, huduma zenye haki ya kusimama hapo, na kiasi cha kila malipo. Ibandikwe kwenye kila kizuizi, isomwe redioni kwa Kiswahili na Lingala. Kinachodaiwa nje ya orodha hiyo kiitwe kwa jina lake, wizi.

Kinga ilibeba mji

Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, meli za Kinshasa zilisimama na mafuta ya gari yakawa haba. Mji haukufa njaa kabisa kwa sababu kinga ilibeba kazi ya lori. Vijana walipakia abiria kwenye kiti cha nyuma, na neno la Lingala toleka, twende, likawa jina la kazi yenyewe. Wengine walisukuma kinga zilizopakiwa magunia na vidumu vya mafuta ya mawese, wakitembea kwa miguu kando yake kutoka vijiji vya mbali.

Hesabu ni rahisi. Mwendo wa kilomita 10 kwa saa kutoka Bengamisa hadi mjini ni saa tano. Lakini anayesukuma mzigo kwa miguu akienda kilomita nne kwa saa anatumia zaidi ya saa kumi na mbili, yaani siku nzima, na lazima alale mjini. Barabara nzuri inampa mtu huyo siku yake ya kurudi shambani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya barabara, hata kabla lori halijapita.

Sasa pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya abiria. Hata hivyo kinga bado ni chombo cha mtu asiye na mtaji. Cha ajabu ni kwamba njia za mji zikichorwa upya, kinga na mtembeaji hawamo kwenye mchoro. Lami inawekwa upana wa magari mawili, mifereji mirefu inabaki wazi pembeni, na mwenye kinga anajikuta kati ya lori na shimo. Ajali zikizidi, linalofuata ni amri ya kumfukuza yeye kwenye njia.

Tunaweza kujifunza kutoka mbali. Wengi wetu tuna ndugu walioenda kama wakimbizi katika majimbo ya katikati ya Marekani, kama Iowa na Indiana. Miji ya upande ule ilifanya kosa ambalo sisi tunataka kulirudia. Baada ya sheria ya barabara kubwa ya mwaka 1956, mijini kwao kila kitu kilipangwa kwa ajili ya gari. Watu walihamia pembeni, maduka yakawafuata, na katikati pakabaki maegesho na majengo matupu. Detroit ilikuwa na wakaaji karibu milioni 1.85 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa karibu 640,000. Kufungwa kwa viwanda kulichangia sana, si barabara peke yake. Lakini leo miji hiyo inatumia pesa nyingi kuwarudisha watembeaji, wenye baiskeli na meza za chakula kwenye njia za katikati.

Kisangani tayari ina kile wanachokitafuta. Katikati yetu pamejaa miguu, kinga na meza za chakula tangu asubuhi. Kinachokosekana ni kivuli, maji, choo, mfereji uliofunikwa na nafasi salama ya kupita. Kuwafukuza watu hao ili mji upendeze ni kuharibu kitu ambacho wengine wanakinunua kwa bei kubwa.

Soko halihamishwi kama meza

Gunia likifika Makiso, safari haijaisha. Linahitaji mahali pa kuuzwa. Hapo ndipo kazi za ujenzi wa kisasa zinapogongana na maisha ya kila siku. Kila uongozi mpya unapenda kuanza kwa operesheni ya kusafisha: vibanda vinabomolewa, wauzaji wa njiani wanafukuzwa, picha zinapigwa. Wiki chache baadaye wauzaji wamerudi, kwa kuwa wanunuzi hawakuondoka na njaa haikuondoka.

Tuna mifano miwili ya karibu. Kinshasa ilifunga soko lake kubwa, Zando, mwaka 2021 ili lijengwe upya. Soko la zamani lilikuwa limechoka na lilikuwa hatari, hakuna aliyebisha. Lakini kazi ilichukua miaka, na wakati huo wote wauzaji walisambaa kwenye njia za jirani, wakiuza juu ya matope na katikati ya magari. Dar es Salaam, huko Tanzania, ilijenga jengo kubwa la Machinga huko Ilala kwa ajili ya wachuuzi. Kwa miaka mingi vizimba vingi vilibaki vitupu, kwa sababu mteja wa mchuuzi ni mtu anayepita njiani, na watu hawakupita ndani ya jengo lile.

Mafunzo ni mawili. La kwanza: soko lijengwe kwa sehemu, robo kwa robo, ili wauzaji waendelee kuuza upande mmoja huku upande wa pili ukijengwa. La pili: mahali pa soko panachaguliwa na miguu ya wanunuzi na mwisho wa safari ya mzigo. Muuzaji wa mazao ya barabara ya Buta anataka kukaa pale ambapo mzigo unashushwa na mpishi anapita. Akipelekwa mbali, ataongeza nauli ya pikipiki kwenye bei, au ataacha kuja. Kabla ya kumhamisha, meya na bourgmestre wa komine wakae naye na wahesabu pamoja. Vyama vya wauzaji viko, na vina watu wanaojua hesabu hizo kuliko ofisi yoyote.

Umeme karibu, giza karibu

Anayetoka Bengamisa anaingia mjini akiuvuka mto Tshopo, palipo bwawa la umeme. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1950 na lina mashine tatu. Ni miji michache ya Kongo yenye bahati ya kuwa na bwawa mlangoni. Hata hivyo mashine zimechakaa, zinaharibika mara kwa mara, na mji unakaa muda mrefu katika giza huku maji yakipita chini ya daraja.

Giza hilo linaingia hadi kwenye sahani. Bila umeme hakuna chumba cha baridi cha samaki na nyama, kwa hiyo muuzaji lazima amalize bidhaa jioni kwa bei ya hasara au aitupe. Bila umeme mashine ya kusaga mihogo inakwenda kwa mazuti, na bei ya unga inapanda. Bila umeme soko linafungwa jua linapozama, na muuzaji anapoteza saa ambazo wafanyakazi wanatoka kazini wakiwa na pesa.

Na bila umeme, watu wanapika kwa makala. Makala hayo yanatoka msituni, pamoja na msitu wa barabara ya Buta. Kila mwaka wachomaji wanaingia ndani zaidi, na kila mwaka gunia linatoka mbali zaidi. Watu wa Bengamisa wanaona miti ikiondoka, watu wa mjini wanaona bei ikipanda. Mashine moja iliyotengenezwa vizuri kwenye bwawa la Tshopo ingesaidia msitu wa Banalia kuliko semina nyingi.

Nani anaamua?

Mtu atasema: pesa hazipo. Lakini matukio ya miaka hii yanaonyesha kwamba swali la kwanza ni nani anaamua.

Mwezi wa Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na raia wengi waliuawa. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kwa ajili ya uharibifu wa vita yake yote nchini. Pesa za fidia zilikabidhiwa kwa mfuko wa FRIVAO, ulio na makao yake Kisangani. Hizo ni pesa za wahanga, si za kujengea njia wala soko, na lazima zibaki hivyo. Lakini karibu dola milioni 20 zilielekezwa kwenye ujenzi wa gereza jipya Kisangani, kwa mkataba uliopangwa Kinshasa. Tarehe 2 Septemba 2025, Korti ya Kasasyo ilimhukumu aliyekuwa waziri wa haki, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa sababu ya pesa hizo. Yeye alikana mashtaka. Kwa mkaaji wa Kisangani, funzo ni kwamba jengo la mamilioni linaweza kuamuliwa kwa jina la mji wake bila yeye kuulizwa.

Katiba ya mwaka 2006 ilitaka mambo yaende kwa njia nyingine. Kifungu chake cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakikatwa palepale yanapokusanywa. Sheria za 2008 zinaendelea hadi chini: sehemu ya pesa hizo iende kwa miji, komine, sekta na chefferi. Kama ingetumiwa kikamilifu, sekta ya Bamanga ingekuwa na pesa zake za kuwalipa vijana wa kufukia mashimo, na komine ya Makiso ingekuwa na zake za kuzibua mifereji. Haijawahi kutumiwa hivyo. Kisha mwaka 2015 Jimbo la Mashariki liligawanywa mara nne: Tshopo, Ituri, Haut-Uélé na Bas-Uélé. Kisangani, iliyokuwa makao makuu ya eneo hilo lote, ikabaki na Tshopo peke yake. Barabara ya Buta sasa inaunganisha majimbo mawili, na kila moja linaweza kusema sehemu mbovu ni ya mwenzake.

Zaidi ya hayo, hatujui sisi ni wangapi. Sensa ya mwisho ya nchi ilikuwa mwaka 1984. Makadirio yanasema Kisangani imepita watu milioni moja, lakini njia, maji na masoko yake bado vinapangwa kwa kukisia. Watu waliokimbia mapigano ya Mbole na Lengola kuanzia mwaka 2023, upande wa Lubunga na Ubundu, waliingia mjini na kukaa kwa jamaa na kwenye kambi. Nao wanakula, wanauza na kutembea katikati ya mji huohuo.

Maswali matatu kwa kila ahadi

Wanaotetea lami ya katikati wana hoja. Njia nzuri za Makiso zinapunguza vumbi na magonjwa, zinarahisisha kazi ya polisi na gari la wagonjwa, na mwenye mtaji akija anaona mji unaoheshimika. Hatusemi lami isiwekwe. Tunasema kwamba lami ya katikati bila barabara ya kulisha mji ni kama duka zuri lisilo na mali ndani.

Kwa hiyo, atakapokuja mwingine na maketi ya mji wa kisasa, awe mbunge, waziri au mkubwa wa kampuni, wakaaji wamwulize maswali matatu. Moja: baada ya mradi wako, gunia la mihogo litatoka Bengamisa hadi soko la kati kwa saa ngapi na kwa franka ngapi, na leo ni ngapi? Mbili: muuzaji aliyeko pale leo atauza wapi siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kukata utepe? Tatu: ukiondoka, nani atazibua mfereji, kwa pesa gani, na jina lake limeandikwa wapi?

Maswali haya yanaweza kupimwa kabla ya mwaka kuisha. Vyama vya wauzaji, mashirika ya raia na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaweza kuandika bei na muda wa safari kila mwezi, upande wa Bengamisa na upande wa Makiso, na kuzitangaza redioni. Ni kazi ya kalamu na daftari. Baada ya miezi sita, kila mkaaji atajua kama mji wake unasonga mbele, na liwali, meya na wakubwa wa Office des Routes watakuwa na namba za kujibia.